KABLA YA KUNUNUA VALI MPYA

Mhariri aliponiomba makala ya kuelimisha, wengi walidhani nitaandika juu ya ukame au mashindano ya mpira. La hasha! Nitaandika juu ya kisanduku kimoja kilichoko nyumbani kwetu hapa Habaswein, chenye vichupa viwili vya kioo vinavyong'aa kama makaa usiku. Wadogo zangu hukiita "taa ya abti", kwa sababu abti wetu, yaani mjomba, ndiye aliyerudi nacho kutoka Jeddah. Chenyewe ni kikuza sauti cha hedifoni, au amplifaya kama mafundi wanavyosema, nacho kinatumia vali.

Huenda ukauliza, kisanduku cha mtu kinatuhusu nini? Subiri kidogo. Wazee wetu wengi hawakuandika barua. Walizungumza ndani ya kaseti, kaseti ikapewa msafiri, msafiri akaifikisha Nairobi au Uarabuni. Babu alimtumia abti kaseti ya namna hiyo mwaka 1992, wakati wa ule ukame uliomaliza mifugo ya watu wengi huku kwetu. Baada ya salamu ndefu za kuuliza hali ya kila mtu, anataja ngamia wa maziwa ambao familia moja ilimwazima ili watoto wasife njaa. Babu akafariki kabla ya kuwarudisha.

Idadi ya ngamia hao ndiyo iliyoleta taabu. Kwa Kisomali tatu ni saddex, na hiyo x ya mwisho ni pumzi tu inayotoka kooni. Nane ni siddeed. Katika kaseti chakavu yenye mvumo, maneno haya mawili ni mapacha. Nusu ya nyumba ilisikia tatu, nusu ikasikia nane. Ngamia watano si mchezo, jamani! Na watoto wa ile familia wako hai, twakutana nao sokoni.

Abti akasema dawa ni kuboresha kikuza sauti. Alikuwa amesikia sifa za vali za zamani za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn kule Uingereza, ambazo wapenzi wa muziki huzitafuta hadi leo. Bei yake aliyotajiwa ilikuwa ya mbuzi mzima. Mama akanuna. Basi mimi, kwa kuwa nasoma fizikia, nikatumwa Garissa na kisanduku mapajani pamoja na mkanda wa kaseti, nikamwone fundi mmoja mzee anayejua mambo ya redio za kale. Niliyojifunza kwake ndiyo nawaletea.

Kwanza, vali ni nini? Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye waya unaopashwa moto na bati pembeni yake. Waya ukipata moto, elektroni huruka kuelekea kwenye bati, wala hazirudi nyuma. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaweka wavu mdogo katikati. Wavu huo ni kama mlinzi wa lango la boma: akisogeza mkono kidogo tu, kundi zima hupita au husimama. Sauti dhaifu ikiletwa kwenye wavu, hutoka upande wa pili ikiwa na nguvu. Redio za kwanza Kenya, utangazaji ulipoanza Nairobi mwaka 1928, zilitegemea vichupa hivyo. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell kule Marekani, vali zikaanza kustaafu, ila kwenye vikuza sauti vya wapenzi wa muziki zikakataa kuondoka.

Kisanduku cha abti kina vali ndogo iitwayo ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7, na kubwa iitwayo 6080. Ndogo huongeza kimo cha sauti, kubwa huipa misuli ya kusukuma hedifoni. Hii 6080 haikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Ilikusudiwa kutuliza volti katika mitambo, na waya wake wa moto peke yake hula volti 6.3 kwa ampea 2.5. Zidisha mwenyewe: ni karibu wati 16 za joto kabla hata hujasikia neno. Kwa joto letu la mchana, ukikifungia kisanduku kabatini umekipika.

Sasa njoo kwenye kiini. Fundi hakuigusa vali hata kidogo. Aliuliza, "Warya, hedifoni yako ina omu ngapi?" Nikabaki nimekodoa macho. Kumbe ile hedifoni ndogo ya abti ilikuwa ya omu 32, aina inayofaa simu. Fundi akapitisha sauti moja isiyobadilika, akapima volti kwenye tundu la kutokea bila kuunganisha kitu, akapata 1. Kisha akaweka rezista ya omu 300. Volti ikashuka hadi 0.71. Akaniambia nikokotoe. Jibu ni kwamba kikuza sauti chenyewe kina ukinzani wa omu 120 hivi ndani yake, maana 300 gawanya kwa 420 ni 0.71. Mwalimu wangu wa fizikia, ukisoma hapa, ujue hesabu za kidato cha tatu hazikupotea bure.

Ukiweka hedifoni ya omu 32, inayofika masikioni ni 32 gawanya kwa 152, yaani 0.21. Sehemu nne kati ya tano za volti zinapotelea ndani ya kisanduku! Mnaujua mto Ewaso Ng'iro. Huko juu una nguvu, lakini ukikaribia kwetu unaingia kinamasi cha Lorian na maji yanatawanyika. Ndivyo ilivyokuwa sauti ya babu.

Hasara haiishii kwenye volti. Vali haipendi kutoa mkondo mkubwa wa umeme, na hedifoni ya omu chache hudai mkondo mkubwa, hivyo ukiongeza sauti inaanza kukwaruza. Tena ukinzani mkubwa wa kikuza sauti huiachia ngoma ya hedifoni iendelee kutetema baada ya sauti nene kupita, kama ngozi isiyokazwa vizuri. Sauti nene zikavimba, zikafunika zile nyembamba. Na hedifoni hizi ndogo zina masikio makali mno: hata mvumo mdogo wa umeme unaotoka kwenye kisanduku huutangaza kama adhana.

Kwa hiyo kikuza sauti cha vali kisicho na transfoma ya kutokea, kama hiki, huoana na hedifoni ya omu 250, 300 au hata 600. Chenye transfoma kinaweza kuoana na za omu chache, mradi transfoma ilipangiwa hivyo. Tena usidanganyike na jina. Beyerdynamic ya Ujerumani imeuza DT 770 PRO ya omu 32, ya 80 na ya 250, na ukizitazama kwa mbali utadhani ni pacha. Soma maandishi madogo. Jamaa wa fundi anayerekodi mashairi alituazima ya omu 250. Hapo ikawa 250 gawanya kwa 370, yaani 0.68. Mvumo ukapungua mara moja, na babu akaonekana amesogea karibu na kipaza sauti. Pesa tulizotumia mpaka hapo ni nauli na chai.

Hata hivyo neno lenyewe bado lilikuwa na ukungu. Fundi akageukia mkanda. Alifuta kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka rangi ya udongo. Halafu akachukua bisibisi nyembamba, akazungusha polepole skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa huku akisikiliza. Skrubu hiyo huinamisha kichwa kushoto au kulia. Mkanda uliorekodiwa kwa mashine moja ukisomwa na nyingine ambayo kichwa chake kimeinama tofauti hata kwa unywele, sauti nyembamba hufa. Irabu husalimika kwa kuwa ni nene, lakini s, sh, f na zile pumzi za kooni huondoka. Fikiri lugha bila hizo! "Shaka" na "saka" vinakuwa kitu kimoja. Sijui kwa nini watu hukimbilia kununua vali kabla ya kuzungusha skrubu isiyo na bei. Nafikiri ni kwa sababu vali inang'aa.

Niliporudi nyumbani nilikuta mtihani mwingine: umeme. Kituo chetu hapa mjini kilianza kwa dizeli kikaongezewa jua na upepo, lakini tusilaumu kituo kwa kila kitu, nyaya za nyumba zetu nazo zina visa vyao. Volti ikishuka kutoka 240 hadi 200, ile 6.3 ya kupasha vali hushuka hadi 5.25. Vali zilizo nyingi huvumilia upungufu wa asilimia kumi hivi, nasi hapo tumepita asilimia 16. Vali baridi hutoa elektroni chache, sauti inalegea. Tukaazima stebilaiza ya friji ya jirani. Ilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Na vumbi je? Jina la mji wetu limeshasema: habaas ni vumbi, weyn ni kubwa. Vumbi hilo huingia kwenye soketi, pini za vali zikashika vibaya, ukasikia mipasuko kama kuni mbichi. Zima, chomoa kwenye ukuta, ngoja mpaka vioo vipoe, toa vali kwa kuinyanyua wima, safisha pini kwa spiriti. Lakini usifungue sehemu ya chini! Kapasita za humo huweza kushika volti zaidi ya mia hata baada ya kuzima, na umeme huo huua. Kazi ya kubadili kapasita zilizokauka ni ya fundi, si ya mwanafunzi mwenye bisibisi na ujasiri.

Sasa vali yenyewe, maana najua wapo wanaoingoja. Ukitaka kuibadilisha, badilisha kwa ile iliyoruhusiwa. Vali nyingi ndogo zina pini tisa na huingia soketi moja, jambo ambalo ni mtego. ECC83 itaingia mahali pa ECC82 na itawaka, lakini yenyewe hukuza mara 100 hivi wakati ECC82 hukuza chini ya mara 20. Utapata kelele na mkwaruzo. ECC88 ni mbaya zaidi: nyaya zake za moto zimepangwa vingine. Kulingana na soketi ilivyofungwa, ama haitawaka kabisa, ama itapewa volti mara mbili ya zake iungue. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuniuzia hiyo akiapa kwamba "zote ni sawa". Vali mpya za aina hizi bado zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia. Nikipewa pesa za mbuzi leo ningenunua hedifoni ya omu 250 kwanza, kisha stebilaiza, na chenji ikibaki ndipo niulize habari za Mullard. Abti hakubaliani nami, lakini kisanduku ni chake.

Usiku wa Ijamaa baada ya swala ya isha tulikaa ukumbini. Hedifoni ni moja, kwa hiyo tulipokezana kwa umri: nyanya kwanza, abti, mama, wajomba wengine, mimi wa mwisho. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka wote wasikilize. Nyanya alifumba macho, akaomba irudishwe mara mbili, ingawa nadhani mara ya pili hakuwa akihesabu ngamia. Zamu yangu ilipofika nilimsikia babu akikohoa, kondoo wakilia nyuma yake, kisha ile d ya mwisho ikagonga waziwazi. Siddeed.

Abti alizima kisanduku, tukatazama vioo vikififia. Mama akauliza nani ana namba ya simu ya ile familia.