Uingereza Ilivyotoka Ulaya Huku Viongozi Wake Wakigombania Usukani

Tarehe 29 Machi, 2017, balozi wa Uingereza mjini Brussels alimkabidhi Bwana Donald Tusk, Rais wa Baraza la Ulaya, barua ya kurasa sita. Barua hiyo ilitoka kwa Waziri Mkuu, Bibi Theresa May, nayo ilisema kwamba Uingereza, iliyojiunga na Soko la Pamoja la Ulaya tarehe 1 Januari, 1973, sasa inatoka. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, tangu barua ilipopokelewa miaka miwili ilianza kuhesabiwa. Mkataba upatikane usipatikane, siku ya kutoka ilikuwa imekwisha kutajwa.

Hapo kila aliyepita chuo cha makadeti hushtuka kidogo. Sisi tulifundishwa, kama kadeti yeyote anavyofundishwa, kwamba kuondoa kikosi mbele ya upande wa pili ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Huondoki mpaka umeijua njia, mahali pa kukutania, nani atabaki nyuma kulinda, na zaidi ya yote, nani atoaye amri. Waingereza walitaja kwanza saa ya kuondoka, ndipo wakaanza kubishana juu ya njia. Na katikati ya ubishi huo wakaigombania na amri yenyewe. Wale wa Ulaya hawakuwa adui, bali washirika wa miaka 44. Lakini mezani walikaa upande wa pili, nchi 27 zenye msemaji mmoja, Bwana Michel Barnier, ambaye hakubadilishwa. Kwa muda ule ule Uingereza ilikuwa na mawaziri watatu wa kazi hiyo, mmoja baada ya mwingine.

Ugomvi wa chama cha Conservative juu ya Ulaya ni wa zamani. Ndio uliochangia kuanguka kwa Bibi Margaret Thatcher mwaka 1990. Ndio uliomfanya mrithi wake, Bwana John Major, ajiuzulu uongozi wa chama mwaka 1995 ili awatake wapinzani wake wajitokeze hadharani. Alimshinda Bwana John Redwood kwa kura 218 dhidi ya 89, na fitina ikaendelea kama kawaida. Bwana David Cameron alidhani kura ya maoni ingeumaliza ugomvi huo. Aliiahidi mwaka 2013, ikapigwa tarehe 23 Juni, 2016, na waliotaka kutoka wakashinda kwa asilimia 51.9. Asubuhi yake alitangaza kwamba anaondoka. Bwana Boris Johnson, aliyeongoza kampeni ya kutoka, ndiye aliyetazamiwa kurithi kiti. Ghafla mwenzake wa kampeni, Bwana Michael Gove, akatangaza kwamba Johnson hafai na kwamba atagombea yeye. Wote wawili wakakikosa. Kiti kikamwangukia Bibi May, ambaye katika kampeni alikuwa upande wa kubaki, japo kwa sauti ya chini.

Askari polisi wa Uingereza walimfahamu mama huyo vizuri. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwa miaka sita, tangu 2010, na katika miaka hiyo idadi ya polisi wa Uingereza na Wales ilipungua kwa karibu 20,000. Mwaka 2017 alipoitisha uchaguzi kabla ya wakati wake, akitaka nguvu zaidi bungeni, upungufu huo ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoulizwa sana, kwa kuwa kampeni iliingiliwa na mashambulizi ya kigaidi Manchester na London. Tarehe 8 Juni alipoteza hata wingi mdogo aliokuwa nao. Ilimbidi aegemee wabunge 10 wa chama cha DUP, yaani wale Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini wanaotaka jimbo lao libaki chini ya taji la Uingereza. Alikwenda kuzungumza na nchi 27 huku funguo za serikali yake zikiwa mikononi mwa watu 10.

Na Ireland ndiyo iliyokuwa na fundo. Mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini una urefu wa karibu kilomita 500, na barabara zinazouvuka ni zaidi ya 200. Aliyewahi kupiga doria mpakani ataelewa maana ya hesabu hiyo. Jeshi la Uingereza lilikaa huko miaka 38, tangu Agosti 1969 mpaka Julai 2007, likiwa na vizuizi barabarani na minara ya ulinzi juu ya vilima vya Armagh ya Kusini. Askari zaidi ya 700 waliuawa katika mashambulizi, na askari polisi zaidi ya 300. Tarehe 27 Agosti, 1979, karibu na Warrenpoint, wanajeshi 18 waliangamia kwa mabomu mawili. La pili lilikuwa limetegwa mahali ambapo waliokuja kuwaokoa wenzao wangekusanyika. Na waliolilipua walikuwa ng'ambo ya maji, katika nchi nyingine, ambako risasi ya kuwajibu haikuwa na ruhusa ya kwenda.

Mapatano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998 yalikomesha sehemu kubwa ya vita hivyo. Minara ikabomolewa, vizuizi vikaondolewa, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, hapakuwa na haja ya forodha. Sasa upande mmoja ukitoka na mwingine ukibaki, mizigo ikaguliwe wapi? Ikikaguliwa mpakani, minara inarudi. Mkuu wa Polisi wa Ireland ya Kaskazini, Bwana George Hamilton, alionya mwaka 2018 kwamba kituo chochote kitakachojengwa pale kitakuwa shabaha ya wenye silaha, pamoja na watumishi wake. Ikikaguliwa bandarini, baharini, basi Uingereza yenyewe imekatwa vipande viwili, na DUP walisema hilo haliwezekani. Njia ya tatu ilikuwa Uingereza yote iendelee kufuata kanuni za ushuru wa Ulaya mpaka ufumbuzi mwingine upatikane. Bibi May alichagua hiyo ya tatu, na watu wa chama chake wenye msimamo mkali wakamwambia kwamba huko si kutoka.

Julai 2018 aliwakusanya mawaziri wake katika nyumba ya mapumziko ya Chequers, wakakubaliana. Siku mbili baadaye Waziri wa Kutoka Ulaya, Bwana David Davis, alijiuzulu. Kesho yake akafuata Bwana Johnson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje. Novemba rasimu ya mkataba ilipotangazwa, yenye kurasa 585, mrithi wa Davis, Bwana Dominic Raab, akaondoka siku ya pili yake. Waziri aliyetumwa kuzungumza akajiuzulu kwa kuyakataa mazungumzo yake mwenyewe: hilo hatujaliona mahali pengi.

Chama hicho kina utaratibu wake wa kumwondoa kiongozi. Wakati ule asilimia 15 ya wabunge walitakiwa kumwandikia barua mwenyekiti wa kamati yao. Hesabu ilikuwa barua 48, na hakuna aliyeijua ila mwenyekiti peke yake. Tarehe 12 Desemba, 2018, ilitangazwa kwamba zimetimia. Siku ile ile, kwa kura ya siri, wabunge 200 walimwunga mkono Bibi May na 117 wakamkataa. Alipona, lakini kwanza ilimbidi aahidi kwamba hatawaongoza katika uchaguzi ujao. Wale 27 walikuwa wakisoma magazeti kama watu wengine. Kwa nini wamlegezee kamanda ambaye theluthi ya maofisa wake wamemkana, na ambaye amekwisha taja kwamba hatadumu?

Tarehe 15 Januari, 2019, Bunge liliukataa mkataba kwa kura 432 dhidi ya 202. Serikali haikuwa imeshindwa kwa tofauti kubwa namna hiyo katika historia yake ya karibuni. Kesho yake wabunge wale wale wa Conservative waliuokoa uwaziri mkuu wake dhidi ya hoja ya upinzani, 325 kwa 306. Hawakumtaka, wala hawakutaka wengine waingie. Upinzani nao haukuwa na afya: Bwana Jeremy Corbyn wa chama cha Labour alikataliwa na wabunge wake 172 mwaka 2016, akarudishwa na wanachama wa kawaida, na juu ya Ulaya chama chake kilikuwa na ndimi mbili. Mkataba ukakataliwa tena tarehe 12 Machi. Bibi May akatoa alichobaki nacho, akaahidi kuondoka endapo ungepita. Tarehe 29 Machi, siku ile iliyotajwa katika barua, Bwana Johnson mwenyewe aliupigia kura. Hata hivyo ulishindwa, 344 kwa 286. Tarehe 24 Mei akatangaza kujiuzulu.

Majeshi yalikuwa wapi? Desemba 2018 Waziri wa Ulinzi, Bwana Gavin Williamson, alitangaza kwamba askari 3,500 wangekaa tayari kuzisaidia wizara endapo siku ya kutoka ingefika bila mkataba. (Waziri huyo alifukuzwa Mei 2019 kwa tuhuma za kuvujisha siri za Baraza la Usalama wa Taifa, alikana.) Mawaziri waliangushana kwa barua na kwa kura, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kambini. Polisi ndio waliokuwa na kazi. Januari 2019 bomu lililipuka ndani ya gari mbele ya mahakama mjini Derry. Aprili, katika mji huo huo, mwandishi wa habari aliuawa kwa risasi zilizoelekezwa kwa polisi. Hatusemi kwamba Bunge la London lilifyatua risasi hizo. Lakini waliozifyatua walikuwa wakingoja kwa hamu minara irudi.

Bwana Johnson alichaguliwa Julai 2019 na wanachama 92,153 wa chama chake. Alilisimamisha Bunge, na mnamo Septemba majaji 11 wa Mahakama Kuu Kabisa wakasema kwa kauli moja kwamba amevunja sheria. Aliwafukuza wabunge 21 katika kundi la chama kwa siku moja, akiwemo mjukuu wa Winston Churchill. Alilazimishwa na sheria kuomba muda zaidi Ulaya, akapeleka barua isiyo na sahihi. Mwishowe alipata mkataba, akashinda uchaguzi wa tarehe 12 Desemba kwa viti 365, na Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari, 2020. Je, fundo alilifunguaje? Alichukua njia ya baharini, ile ambayo DUP, na yeye mwenyewe mbele ya mkutano wao, walikuwa wameikataa.

Malipo yalidaiwa mitaani. Mwishoni mwa Machi na Aprili 2021 vijana wa mitaa ya Waprotestanti, mjini Belfast na kwingineko, waliwarushia polisi mawe na chupa za petroli. Mstari wa baharini ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Makumi ya askari waliumia, na magari ya maji ya kutawanya watu yakatumika kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa. Masharti yalilegezwa Februari 2023 kwa makubaliano ya Windsor, wakati Bwana Johnson mwenyewe alikuwa amekwisha angushwa na chama chake, na aliyemfuata, Bibi Liz Truss, alikuwa amekaa madarakani siku 49 tu. Katika uchaguzi wa Julai 2024 Conservative waliambulia viti 121.

Lori litokalo Dundalk kwenda Newry hupita mpakani bila kusimamishwa na mtu. Lile linalovuka kwa meli kutoka Scotland mpaka bandari ya Larne, kutoka Uingereza kwenda Uingereza, ndilo linaloweza kuulizwa hati zake.