Tela Nyuma, Watoto Ndani: Panga Mzigo Kabla ya Kuwasha Gari

Likizo ya Agosti ikikaribia, familia nyingi za hapa pwani huanza kupanga safari. Siku hizi si lazima hoteli. Wako wanaokodi au kuazima tela ndogo, wakatia mahema, magodoro, jiko na maji, wakaelekea Voi au milima ya Taita kulala kambini na watoto wao. Ni jambo zuri. Lakini kuna moja ambalo wengi wetu hatulijui mpaka litukute barabarani: namna unavyopanga mzigo ndani ya tela huweza kuamua kama mtafika salama.

Mimi yalinikuta. Mwaka juzi tuliondoka Mombasa na tela ya kuazima, watoto watatu wako kiti cha nyuma. Mitungi sita ya maji niliiweka mwisho kabisa, karibu na mlango wa tela, ili iwe rahisi kuitoa. Tulipopita Mackinnon Road nikapishana na lori refu, na hapo tela ikaanza kucheza kushoto na kulia, gari nalo likaifuata. Mke wangu alikuwa akisoma shahada. Alhamdulillahi, tulisimama kando salama. Kosa halikuwa la lori wala la barabara. Lilikuwa langu.

Hesabu yenyewe ni hii. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mitungi sita ya lita 20 ni kilo 120. Uzito huo ukikaa nyuma ya magurudumu ya tela, tela huwa kama pembea: nyuma huzama, shingo huinuka, nayo huinua kidogo sehemu ya nyuma ya gari. Tairi za nyuma za gari hazishiki tena barabara vizuri, na upepo wa lori moja watosha kuanzisha myumbo. Ukizidisha mwendo, nao huzidi.

Dawa yake ni kuweka vitu vizito chini, mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Magodoro na nguo zikae nyuma. Shingo ibebe takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wote. Tela yenye kilo 500 pamoja na mzigo, basi kama kilo 50 ziwe shingoni. Waweza kupima kwa mizani ya kujipimia uzito nyumbani: weka tela mahali tambarare, simamisha kipande cha mbao juu ya mizani, uegemeze shingo hapo kwa kimo kile kile cha gari, kisha usome.

Ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, mwendo upungue wenyewe. Na kwa kuwa tela ndogo nyingi hazina breki zake, acha nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele.

Sasa watoto. Tela ni ya mizigo. Asipande mtu huko, hata kama ni mwendo wa dakika tano kutoka lango la kambi. Kila mtoto awe na mkanda wake, na mdogo awe na kiti chake. Ondokeni baada ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, na msimame kila baada ya saa mbili. Msikiti wa Mackinnon Road, ulio kando ya barabara, ni mahali pazuri pa kuswali na watoto kunyoosha miguu.

Mkifika kambini, kabla ya kufungua tela kwenye gari, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yake, na uiwekee shingo na nyuma vitu vya kuegemea. Mtoto akipanda nyuma ya tela isiyoegemezwa, yaweza kupinduka naye. Na baridi ya Taita isikushawishi kuingiza jiko la makaa ndani ya hema. Hewa yake huua watu usingizini.

Wakati wa kurudi nilipanga mzigo upya. Watoto walilala kutoka Maungu hadi Mazeras, na walipofika nyumbani walihadithia ndovu tu. Barabara hawakuitaja.