Boza Linalokunywa Lenyewe

Gari la kunyonya vyoo kila mtu wa mjini analijua. Linaingia mtaani likinguruma, kijana anateremsha mpira mnene shimoni, dereva anafungua valvu, na baada ya muda si mrefu shimo limebaki tupu. Watu huziba pua na kugeuza nyuso, kwa hiyo ni wachache wanaobaki kutazama linavyofanya kazi. Ni hasara, maana mashine ya namna hiyohiyo, ikifungwa kwenye tangi safi, inatatua tatizo linalowatesa wazimamoto wa vijijini kuliko moto wenyewe: maji.

Lawama ya kwamba gari la zimamoto limekuja bila maji tumeisikia sote. Mara nyingi gari lilikuja na maji, ila yaliisha. Gari lenye lita 4,000, likifungua mpira mmoja tu unaotoa lita 400 kwa dakika, linakauka dakika ya 10. Mjini linatakiwa liunganishwe na bomba la zimamoto lililo kando ya barabara. Kijijini bomba hilo halipo, na maji yako kwenye lambo, kilometa kadhaa kutoka nyumba inayoungua.

Vijiji vya Marekani vina shida hiyohiyo, na huko wameishughulikia kwa muda mrefu. Katika majimbo kama Pennsylvania na Ohio, nyumba za mashambani zimetawanyika mbali na mabomba ya miji, na wazimamoto wengi ni watu wa kujitolea: mkulima, fundi, mwalimu, wanaoacha shughuli zao wakisikia king'ora. Desturi yao ni kuyapokezanisha maboza. Kwenye eneo la moto hukunjuliwa bwawa la turubai, boza linamwaga maji humo na kuondoka, na gari la zimamoto linavuta kutoka bwawani wakati boza limerudi mtoni. (Jina lenyewe lina mgogoro wake. Mashariki ya nchi hiyo boza huitwa kwa neno ambalo magharibi ni la ndege ya kumwaga maji, na mtu akilitaja redioni bila uangalifu anaweza kuletewa kitu ambacho hakukiomba.)

Kwa mtindo wa zamani, kule mtoni lazima liwepo gari jingine lenye pampu, na watu wake, kazi yao ikiwa kujaza maboza tu. Pampu hiyo ni ya kuzungusha maji kwa kasi, na ina tabia moja mbaya: haivumilii hewa. Kiungo kimoja cha mpira kikilegea, au kichujio kikichungulia juu ya maji, pampu inakula hewa na maji yanakatika. Inabidi kuanza upya, huku boza limesimama linasubiri. Tope na majani navyo vinapita ndani ya pampu hiyo na kuitafuna.

Boza la kunyonya linaiondoa kambi hiyo yote. Pampu yake haigusi maji hata tone. Kazi yake ni kutoa hewa ndani ya tangi. Hewa ya nje, ambayo muda wote inatukandamiza sisi na lambo pia, inakosa mpinzani ndani ya tangi na kuyasukuma maji yapande mpirani. Kiungo kikivuja kidogo, tangi linapokea maji na hewa kwa pamoja, pampu inaitoa hewa, kazi inaendelea. Tope linaishia kwenye tangi. Zaidi ya hayo, dereva anaweza kuanza kutoa hewa akiwa bado njiani, akafika lambo tangi likiwa tayari lina kiu. Mtu mmoja anateremsha mpira, anafungua valvu, anajaza. Kwa kikosi cha kujitolea ambacho saa nne asubuhi siku ya kazi kimepata watu watatu tu, hilo lina thamani kuliko tangi kubwa.

Kuhusu tangi kubwa, tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wamarekani wana kanuni ya kukadiria mwendo wa boza: dakika 0.65, kisha dakika 1.7 kwa kila maili. Lambo likiwa kilometa 5 kutoka kwenye moto, hiyo ni dakika 6 kwenda na 6 kurudi. Hupunguza pia asilimia 10 ya ujazo, kwa maji yanayomwagika au kubaki tangini. Sasa chukua boza la lita 10,000 linalojazwa na pampu ndogo ya lita 1,000 kwa dakika. Kupanga mipira dakika 3, kujaza 10, kumwaga 2, safari 12: jumla dakika 27. Gawanya lita 9,000 kwa 27, unapata lita 333 kwa dakika, ambazo hazitoshi hata ule mpira mmoja wa lita 400. Boza la kunyonya la ukubwa uleule likijaa kwa dakika 4, pamoja na kuteremsha mpira, mzunguko unakuwa dakika 18 na moto unapata lita 500 kila dakika.

Mtu atasema, basi ninunue la lita 20,000. Kwa pampu ileile ndogo, mzunguko wake ni dakika 39, na moto unapata lita 461 hivi. Bado liko nyuma ya dogo linalojinyonyea, na limebeba tani 20 za maji juu ya makalavati yetu. Maji hayo nayo hayatulii. Tangi lililojaa nusu linapokata kona, maji yanakimbilia upande mmoja na kulivuta gari lote. Maboza yamewaua wazimamoto wengi wa Marekani kwa kupinduka, kiasi kwamba mwaka 2003 mamlaka ya taifa ya zimamoto ya nchi hiyo ilitoa kitabu kizima cha kuwaelekeza madereva wa maboza hayo. Kuta za ndani zenye matundu husaidia, lakini salama zaidi ni kusafiri likiwa limejaa au tupu kabisa.

Mashine hii nayo ina mipaka. Tangi likitolewa hewa kwa asilimia 80, kila mita ya mraba ya bati lake inabeba msukumo wa tani 8 kutoka nje. Tangi la kawaida la maji, hasa la pembe nne, lingefinyangwa kama kopo. Kwa hiyo tangi hujengwa la mviringo na la chuma kinene, na uzito huo unapunguza lita unazoweza kubeba. Mpira wa kunyonyea lazima uwe na waya ndani, la sivyo unajikunja. Presha ya kutolea maji ni ndogo: inafaa kujaza bwawa la turubai, haifai kurushia maji paani.

Kisha kuna kimo. Mwaka 1643 mwanasayansi Evangelista Torricelli alionyesha kwa zebaki kwamba hewa ina uzito wa kuinua nguzo ya sentimita 76. Kwa maji, mepesi kuliko zebaki mara 13 na nusu, ni mita 10 na kidogo, na hakuna pampu ya kunyonya inayoweza kuvuka hapo. Hizo ni mita za Tanga au Mombasa. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita kama 1,800, zinabaki 8 na kidogo hata kabla ya kutoa hasara za mpirani. Fundi aliyejaribu gari lake Dar es Salaam asishangae likigoma Njombe juu ya daraja refu.

Ukilipata boza safi, usilichanganye na lile la vyoo hata kwa dharura ya siku moja. Maji ya zimamoto huruka kama mvuke na kuingia puani mwa anayeyarusha.

Malambo nayo yapimwe mapema: gari linasogea hadi wapi bila kuzama, na maji yako chini kiasi gani kutoka hapo linaposimama. Yapimwe Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na maji yamerudi katikati, si Mei lambo linapofurika hadi njiani.