Aliyewasha sigara kwa bomu la nyuklia

Jangwani Nevada, mwaka 1952, mwanafizikia Ted Taylor alitega kioo kilichobonyea, akaweka sigara pale mwanga unapokutana. Mbali huko bomu likalipuka, sigara ikawaka.

Mzaha huo unaonyesha alivyokuwa. Alizaliwa Mexico City mwaka 1925, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Alianguka mitihani ya udaktari wa falsafa Berkeley, lakini alipofika Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia, mwaka 1949 alionekana kuwa na kipaji adimu. Wenzake walizoea mabomu mazito. Yeye alitaka kuyapunguza. Lakini ndiye pia aliyebuni bomu la jaribio lililoitwa Ivy King, lililolipuliwa Novemba 1952 katika Bahari ya Pasifiki kwa nguvu ya kilotani 500, zaidi ya mara 30 ya lile la Hiroshima. Kazi yake ndiyo pia iliyozaa Davy Crockett, silaha ndogo kiasi cha kufyatuliwa kutoka kwenye gari la jeshi.

Taylor mwenyewe alikiri baadaye kwamba kazi ile ilimlevya. Usiku aliozaliwa mtoto wake mmoja, mwaka 1950, yeye alikuwa Pentagon, ameinamia picha za Moscow zilizopigwa kutoka angani, akichora duara za maangamizi. Miaka mingi baadaye alisimama Uwanja Mwekundu wa jiji hilohilo, akaona watu wakitembea, akalia.

Mwaka 1956 alihamia California, na mwaka 1958 akaanza kuongoza mradi wa Orion, chombo cha angani ambacho kingesukumwa na milipuko ya nyuklia hadi Mars. Mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio angani uliuvunja nguvu.

Kilichomgeuza hasa, kwa maoni yangu, ni ufundi wake uleule. Aliyejua jinsi bomu linavyoweza kuwa dogo alijua pia mwizi anahitaji malighafi ya nyuklia kidogo tu. Mwandishi John McPhee alizunguka naye Marekani akisikiliza hofu hiyo: maghala yenye ulinzi hafifu, malori yaliyobeba shehena ya hatari kama mizigo ya kawaida. Kitabu cha McPhee kilipotoka mwaka 1974, ulinzi wa malighafi hiyo ukawa mjadala wa wazi.

Taylor aliacha silaha, akahamia nishati jadidifu. Huko Princeton alitengeneza madimbwi ya barafu ya majira ya baridi, ya kupoza majengo wakati wa joto. Alifariki mwaka 2004, bado akidai mabomu yote yateketezwe, yakiwemo ya kwake.