Je, Wajua? Piza Huiva Bila Oveni

Mgahawa wa Al Forno, uliofunguliwa mwaka 1980 mjini Providence, Marekani, na Johanne Killeen na George Germon, ulipata sifa kwa piza iliyochomwa juu ya wavu wa mkaa. Unga uliokandwa haudondoki motoni, kwa kuwa joto huukausha upande wa chini mara tu unapogusa wavu. Siri ni kuugeuza kwanza, ndipo upake nyanya na jibini kwenye upande ulioiva. Usijaze vitu! Moto unatoka chini tu, kwa hiyo funika ili joto lizunguke na jibini iyeyuke. Waokaji wetu wa keki kwenye jiko la mkaa wanalijua hilo: wao huweka makaa hata juu ya mfuniko wa sufuria.