Tega Fumbo, Mtoto Apate Kiingereza

Mtoto aliyezaliwa katika nyanda za juu za Ufipa hukutana na lugha tatu kabla hajafikia umri wa kuota ndevu. Nyumbani kwa bibi anasikia Kifipa. Katika shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili. Kisha, akishinda mtihani wa darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza, anaambiwa kwamba tangu siku hiyo historia, jiografia, baiolojia na hisabati zitamjia kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono mwaka uliopita sasa anaketi kimya nyuma ya darasa. Akili yake ni ileile. Maneno ndiyo yaliyompotea.

Ndugu msomaji, huenda na wewe unaye mtoto wa namna hiyo, uwe unaishi Sumbawanga mjini, Mbeya au Dar es Salaam, maana jambo hili si la Mkoa wa Rukwa peke yake. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye Mwalimu Nyerere alieleza kuwa Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, akitaka kisiachwe. Mabishano hayo yamedumu hadi leo, na ukurasa huu hauna uwezo wa kuyamaliza. Wakati wakubwa wanabishana, mtoto yumo darasani, na mtihani wa upimaji wa kidato cha pili unamngoja kwa Kiingereza.

Liko jambo moja dogo ambalo familia inaweza kulifanya jioni baada ya chakula, kwa penseli na daftari la hesabu lenye miraba. Nalo ni kutegeana mafumbo ya maneno.

FUMBO NA GAZETI

Fumbo la maneno la miraba tunalolifahamu leo lilizaliwa gazetini, tena katika kurasa za burudani za Jumapili. Mhariri mmoja mzaliwa wa Liverpool, Arthur Wynne, alilichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913. Kabla yake, mwaka 1877, mwalimu wa hisabati wa Oxford aliyejulikana kwa jina la Lewis Carroll alibuni fumbo la ngazi: unapewa neno moja, ukalibadilisha herufi moja moja mpaka likawa neno jingine, na kila hatua sharti iwe neno lenye maana.

Sisi hatukungoja magazeti. "Kitendawili!" "Tega!" ni wito uliokuwapo kabla ya shule. Tena kitendawili kina siri ambayo watafiti waliithibitisha baadaye: mtu hujifunza kwa kulitafuta jibu ndani ya kichwa chake. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine waliachwa wazirudie kwa kuzisoma tena. Wengine walitakiwa kuzikumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walionekana mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na habari nyingi zaidi. Mwanafunzi anayekesha akisoma orodha ya maneno ya Kiingereza mara kumi, kwa hiyo, anajidanganya bila kujua. Afadhali alifunike daftari na ategwe.

KITENZI KINACHOBADILIKA TUMBO

Wanafunzi wetu wengi hukwama katika vitenzi, na sababu yake inaeleweka. Litazame neno "leta". Tunasema analeta, alileta, ameleta, ataleta. Mwanzo wa neno hubadilika kila wakati, lakini "leta" imekaa palepale kama jiwe la figa. Hata tukiongeza mkiani, letea, letwa, leteana, shina halisogei. Mtoto aliyekulia katika lugha ya namna hii huamini kwamba kitenzi ni kitu cha kutegemewa.

Kiingereza humgeuzia mambo. Kuimba ni "sing", aliimba ni "sang", ameimba ni "has sung". Herufi za mwanzo na za mwisho zimetulia. Tumbo ndilo lililobadilika. "Go" ni mbaya zaidi, kwa sababu "went" hapo kale ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend". "Go" iliiazima na haikuirudisha. Vitenzi visivyofuata kanuni hufika kama mia mbili hivi, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyotumika kila saa: kuwa, kwenda, kusema, kuona, kuchukua, kupata. Mtu hawezi kuvikwepa akabaki anazungumza.

Namna nzuri ya kuvikabili ni kuvipanga kwa koo, kama watu wanavyopanga ndugu, kisha kumtafuta mgeni. Mtegee mwanao hivi: katika maneno "ring", "sing", "bring" na "drink", ni lipi si la ukoo huu? Masikio yatamwambia ni "drink", kwa kuwa matatu ya kwanza yanafanana mlio. Masikio yamemdanganya. "Ring" huwa "rang", "sing" huwa "sang", "drink" huwa "drank". Mgeni ni "bring", ambayo huwa "brought", na ukoo wake ni ule wa "buy" na "bought", "think" na "thought", "fight" na "fought". Mtoto aliyekosea fumbo hili mara moja, akacheka, hatasahau upesi. Aliyelisoma katika jedwali la vitenzi lililobandikwa mwisho wa kitabu atalisahau kesho.

Fumbo la pili ni la kutafuta kosa. Andika: "Did you went to the market?" Uliza kosa liko wapi. Wengi hawalioni, maana wanahesabu kwamba jambo ni la jana, basi "went" ni halali. Hapa Kiswahili chetu kinasaidia. Tunasema "nilikwenda", lakini tukikana tunasema "sikwenda". Hakuna asemaye "sikulikwenda". Alama ya wakati ikishachukuliwa na sehemu moja ya neno, haibebwi tena na nyingine. Katika Kiingereza "did" ndiyo iliyobeba mzigo huo, kwa hiyo kitenzi kinachofuata hurudi mikono mitupu: "Did you go to the market?" Mzazi mwenye Kiswahili kizuri anaweza kulieleza hili hata kama Kiingereza chake ni cha kubabaisha.

UKISIKIA BARIDI

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai koti halivuliwi mapema. Mwanafunzi wa huko atasema "nasikia baridi", na akitafsiri neno kwa neno atasema "I hear cold". Mwingereza atashangaa ni baridi gani hiyo yenye sauti. Husema "I feel cold". Kosa la mtoto huyu ni la kuheshimika, maana amefikiri. Alichokosa ni kujua kwamba kila lugha ina mapatano yake.

Neno "piga" ni hazina ya mafumbo ya aina hii. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga chafya, tunapiga magoti, tunapiga kura. Mwingereza hampigi mtu wala kitu hapo. Chora miraba, kisha mpe kila mmoja mezani "piga" yake aitafutie neno: "call", "take", "iron", "dive", "sneeze", "kneel", "vote". Herufi ya kwanza iwe imeandikwa. Baba na mama nao wajaribu. Wengi watakwama kwenye chafya.

Kwa upande wa misemo, Kiingereza nacho kina vituko vyake. Ukisikia "spill the beans", katika Ufipa inayolima maharage utadhani gunia limepasuka njiani kuelekea mnadani. Maana yake ni kutoa siri. Nasi je? Hatusemi mtu amemwaga mtama kwenye kuku wengi? Nafaka ni tofauti, siri ni ileile. Mfumbie mtoto misemo kwa njia hii ya kutafuta pacha wake wa Kiswahili. "To pull someone's leg" ni kumtania mtu, wala mguu hauguswi. "To burn the midnight oil" ni kukesha kwa kusoma au kwa kazi. "Has the cat got your tongue?" huulizwa aliyenyamaza, na kwa kidato cha kwanza swali hilo linauma kidogo.

Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, kitabu kilichotoka mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Mwenye kutafsiri neno kwa neno asingefika hapo.

TUPE MJI

Fumbo la miraba, hata hivyo, lina udhaifu ambao sitaki kuuficha. Hujazwa kimya. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kujaza miraba na bado akashindwa kumjibu mwalimu, au kuwauliza jambo maofisa wa forodha ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, huko Zambia ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Mazoezi mengi yaliyomo katika simu za mkononi yana ubaya zaidi: huchagua A, B au C, na mwenye bahati hupata alama bila kukumbuka chochote.

Dawa tunayo katika desturi yetu. Kitendawili kikishindikana, mtegaji hudai mji. Basi tumieni desturi hiyo. Mtegaji aseme, "Kitendawili!" Wengine, "Tega!" Naye aulize, "Jana nililala: 'sleep' huwaje?" Wakishindwa, aseme, "Nipeni mji." Wampe Laela, Matai, Namanyere, Muze au Kasanga. Akipewa Kasanga, sharti asafiri kwa maneno ya Kiingereza, sentensi tatu za wakati uliopita: "I went to Kasanga. I caught a big fish. I gave it to my grandmother." Akikosea kitenzi kimoja, mji unarudi kwa wenyewe. Mwenye miji mingi mwishoni ndiye mshindi.

Mchezo huu unamlazimisha mtoto kufungua kinywa mbele ya watu wasiomcheka kwa ubaya. Tafadhali, wazazi, msimcheke kwa ubaya. Bibi asiyejua Kiingereza anaweza kuwa mwamuzi: ashike daftari lenye majibu, na mjukuu amweleze sababu ya kila neno kwa Kiswahili au Kifipa. Anayefundisha hujifunza mara ya pili. Mkibishana juu ya maana, iwepo kamusi ya kuamua, mathalani ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafumbo matano kwa jioni yanatosha, na yale yaliyokosewa leo yarudi keshokutwa, kisha wiki ijayo.

Mnaotunga wenyewe, chukueni maneno ya mahali mlipo. Ulezi ni "finger millet". Ng'ombe mmoja wa kulimia ni "ox", na wakiwa wawili ni "oxen", si kwa "s". Maneno ya theluji na treni za chini ya ardhi yatangoje.

Kwa leo tunawaachia ngazi ya Carroll inayowafaa wakazi wa Ufipa. Toka kwenye "COLD", baridi, mpaka "WARM", penye joto la kupendeza, kwa kubadilisha herufi moja kila hatua. Katikati yamo maneno matatu: la kwanza ni kamba nyembamba, la pili hupelekwa kwa waalikwa wa harusi, la tatu ni eneo ambalo diwani huliwakilisha, na hospitalini ni chumba cha wagonjwa. Funikeni mistari ifuatayo kabla ya kujaribu.

Jibu: COLD, CORD, CARD, WARD, WARM.