Tetekuwanga: Anza na Kucha

Kwetu Tanga, mtoto akitoka vipele kila jirani ni daktari. Mimi humvua nguo kwanza nikamtazama kifuani, mgongoni na usoni, maana tetekuwanga hupenda kuanzia huko kabla ya kusambaa. Alama yake kubwa ni mchanganyiko: hapa kipele chekundu, pale lengelenge lenye maji angavu, pembeni kigaga kinachokauka, vyote kwa wakati mmoja. Ndui ya zamani haikuwa hivyo. Vipele vyake vilikomaa pamoja.

Kinachotesa hasa ni muwasho, na usiku ndio huzidi. Mjukuu wangu nilimkata kucha zikaisha, nikamwogesha maji ya uvuguvugu niliyotia shayiri iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilimkausha kwa kumgusagusa na kanga, bila kumsugua, ndipo nikampaka kalamaini. Na mwarobaini je? Bibi zetu wameuogea miaka yote, nami sina ugomvi nao hapo. Kumnywesha mtoto ndiko ninakokataa.

Homa ishushwe kwa parasetamoli. Aspirini asipewe kabisa, kwani yaweza kumletea maradhi mabaya ya ubongo na ini. Shule asubiri mpaka vipele vyote vikauke, na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akae mbali naye.

Akipumua kwa shida, akilegea, au ngozi ikivimba na kuwa ya moto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.